Kutengeneza tagatosi kwa kimeng'enya kinachostahimili joto

Wiki iliyopita nilikaa na mwanafunzi ambaye kimeng'enya chake kilikuwa safi kabisa lakini hakikutoa sukari hata chembe. Kosa lake ni lile lile lililowahi kunila siku tatu, kwa hiyo naandika.

Tunatumia kimeng'enya (protini inayoharakisha mmenyuko) kiitwacho isomerasi ya L-arabinosi. Kazi yake ya asili ni kugeuza arabinosi, ila huishika galaktosi pia na kuifanya tagatosi, sukari adimu yenye utamu unaokaribia ule wa sukari ya mezani. Chagua ya Thermotoga au Geobacillus, bakteria wanaopenda joto kali. Joto likipanda, mmenyuko huelemea upande wa tagatosi, ndiyo maana sihangaiki na vimeng'enya vya nyuzi 37.

Hatua ya 1. Kuza E. coli (bakteria wa kawaida wa maabara) yenye jeni ya kimeng'enya hicho, vuna seli, zipasue.

Hatua ya 2. Pasha moto mchanganyiko kwa dakika 20: nyuzi 75 kwa cha Thermotoga, 60 kwa cha Geobacillus. Poza kwenye barafu, zungusha kwenye sentrifuji. Protini za E. coli huganda na kuzama, chako kinabaki kwenye maji ya juu. Safu za nikeli za kusafishia protini ni za nini tena?

Hatua ya 3. Bafa, yaani mchanganyiko unaoshikilia pH. Hapa usiwe na haraka. Kimeng'enya hiki kinataka manganizi au kobalti. Mwanafunzi alipasua seli kwenye bafa yenye EDTA, na EDTA hunyakua madini yote. Ukitia manganizi kidogo juu yake, nayo inanyakuliwa. Fanya dialisisi (kuiondoa kupitia utando wenye vitundu vidogo), au bora zaidi usiiweke tangu mwanzo. Bafa ya fosfeti nayo huitoa manganizi kwenye maji ikawa mashapo. Bafa ya Tris ina hila nyingine: pH yake hushuka karibu 0.03 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo ukiipima 7.5 kwenye nyuzi 25, kwenye 65 iko karibu 6.3. Mimi natumia bafa ya HEPES, na pH naipima ikiwa ya moto. Usivuke 8, maana manganizi huanza kugeuka kahawia na sukari nayo huungua rangi. Tia manganizi kabla ya hatua ya 2, kwani hukiimarisha kimeng'enya dhidi ya joto. Kobalti inafanya kazi vizuri, lakini ni sumu. Sukari ya kuliwa isiiguse.

Hatua ya 4. Galaktosi gramu 18 kwa lita, manganizi milimola 1, nyuzi 65 (60 kwa Geobacillus), saa kadhaa. Chupa moja isiyo na kimeng'enya iwe pembeni kila mara, ya kulinganishia.

Hatua ya 5. Pima tagatosi kwa sisteini, karbazoli na asidi ya sulfuriki, ambazo huipa rangi; soma rangi hiyo kwenye mwanga wa nanomita 560.

Hatua ya 6. Poza hadi nyuzi 30, tia hamira ya mikate. Itachelewa kuanza, kisha itakula galaktosi iliyobaki na kuiacha tagatosi. Chuja, ondoa chumvi kwa rezini, vukiza chini ya ombwe. Maji yakianza kuwa ya kahawia, shusha joto na uongeze ombwe.