Umeovakloki Ryzen 5 3600, kioo cheusi? Anzia hapa kabla hujampigia fundi

Wakuu, hii ni ya wale wenye prosesa ya Ryzen 5 3600 kwenye mazabodi ya B450, umeingia bayosi (menyu ya setingi za bodi kabla Windows haijawaka) ukapandisha spidi, ukasevu, mashine ikajizima na sasa feni zinazunguka tu kioo kimelala. Usipaniki, mara nyingi hakuna kilichoungua, bodi imeshindwa tu kusoma RAM kwa ile spidi uliyoilazimisha.

Cha kwanza subiri. Iache dakika mbili tatu usiguse batani, itawaka itazima itawaka tena, hapo inaijaribu RAM na bodi nyingi zikishindwa mara kadhaa zinarudi zenyewe kwenye setingi za kiwandani. Wakati inahangaika chungulia pembeni ya bodi upande wa RAM, bodi nyingi zina vitaa vidogo vimeandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT, kile kitakachoganda kinawaka ndo kinakuambia imekwamia wapi. Kikiganda DRAM, yaani RAM, basi achana na prosesa kwanza, haina kesi.

Isiporudi yenyewe futa setingi kwa mkono. Chomoa waya wa umeme ukutani (kuzima swichi tu haitoshi kwangu mimi, chomoa kabisa), bonyeza batani ya kuwashia mara mbili tatu ili umeme uliobaki ndani uishe, halafu tafuta vipini viwili vimeandikwa CLRTC, JBAT1 au CLR_CMOS kutegemea kampuni, vigusishe na ncha ya bisibisi sekunde kumi hivi. Huvioni? Toa ile betri ya duara CR2032, kaa dakika tano, rudisha. Na kama kila ukizima ukutani usiku asubuhi unakuta saa imerudi miaka ya nyuma na setingi zimepotea, hapo wala sio ovakloki, betri imekufa, nenda kwa fundi saa ununue nyingine ya 3V.

Ikishawaka, hapa ndo watu wengi wanaharibu: wanarudisha kila kitu kwa pamoja, RAM, prosesa, volteji, ikigoma tena hawajui nani mkosaji. Gusa kimoja, jaribu, ndo uguse kingine. Mimi naanza na RAM prosesa ikiwa difoliti. Washa DOCP, ile setingi inayoikimbiza RAM kwa spidi iliyoandikwa kwenye stiki (bodi nyingine wanaiita XMP au A-XMP), hakikisha volteji imekaa 1.35 maana ndo stiki nyingi za spidi ya 3200 zimetengenezewa hiyo. Stiki mbili zikae sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, sio zilizofuatana, hili dogo linamaliza kesi nyingi kuliko setingi yoyote. Ikigoma 3200 shusha 2933 uone, ikiwaka hapo na ikatulia unaweza kujaribu 3200 tena na volteji ya SoC (sehemu ya prosesa inayoongea na RAM) 1.1. FCLK (spidi ya njia ya mawasiliano ndani ya prosesa) iwe nusu ya spidi ya RAM, yaani 3200 inaenda na 1600. Stiki nne tena za kuokoteza kampuni tofauti, kubali tu spidi ya chini, utaumiza kichwa bure. Ukimaliza piga MemTest86, programu ya kupima RAM, mpaka ifike mwisho, kosa hata moja tu maana yake haijakaa sawa.

Sasa prosesa. Weka CPU Ratio 42, mara 100 unapata 4200MHz, yaani 4.2GHz, volteji usiiache Auto kwa sababu bodi nyingine inapandisha hovyo, andika mwenyewe 1.3 uanzie hapo. Washa Cinebench (programu ya kuibebesha prosesa mzigo) na HWiNFO pembeni uangalie namba mbili tu, joto na volteji. Umeandika 1.3 lakini kazi ikianza unaona 1.23, basi volteji inazama ikibebeshwa mzigo, nenda kwenye Load Line Calibration uipandishe mpaka levo ya kati, ya juu kabisa achana nayo. Joto likikaribia nyuzi 95 hapo ni kikomo cha chipu, shusha, hasa kama unaishi Dar na chumba hakina AC na ile feni ya kwenye boksi imejaa vumbi.

Dalili nazo zinaongea. Skrini ya bluu imeandikwa WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, mara nyingi volteji ya prosesa ni ndogo au spidi imezidi. MEMORY_MANAGEMENT, rudi kwenye RAM. Ikizima ghafla kama umekatiwa umeme bila skrini yoyote, angalia joto na pawa saplai, zile pawa za bei ya kutupa zimeandikwa 500W lakini ukizibebesha zinalegea.

Kusema ukweli kwa hii chipu faida ya 4.2 ya kudumu ni ndogo, yenyewe inajipandisha mpaka hapo kwenye koa moja (kiini kimoja cha prosesa). RAM ndo utaisikia kwenye gemu, kwa hiyo kama CPU inakusumbua iache difoliti ubaki na 3200 yako.

Ukipata setingi zilizotulia zipige picha na simu, maana ukiapdeti bayosi zinafutika zote. Na kuapdeti fanya ukiwa na UPS, umeme ukikatika katikati hapo sasa fundi utamtafuta kweli.