Kununua pikapu iliyotumika Marekani: soma mlango, achana na bango la mbio

Fungua mlango wa dereva kabla hujauliza bei. Kwenye nguzo ambayo mlango unafungia kuna stika mbili, na hizo ndizo zitakazokuambia kama pikapu itaiweza kazi unayoitaka. Nembo ya kwenye grili na bango la gari la mbio ukutani mwa duka havina jibu hilo.

Maelezo haya yanahusu pikapu za ukubwa wa kawaida ambazo utazikuta kila yadi: Ford F-150, Chevrolet Silverado 1500 na pacha wake GMC Sierra, Ram 1500, na Toyota Tundra. Wauzaji huziita za "nusu tani". Jina hilo ni la zamani, lisikuongoze katika hesabu yoyote.

Stika mbili na hesabu yake

Stika yenye njano na nyeupe inahusu matairi na mzigo. Ina sentensi inayotaja uzito wa juu wa watu na mizigo kwa pamoja, kwa kilo na kwa pauni. Namba hiyo ni ya gari lililo mbele yako, na vikorombwezo vyote lililotoka navyo kiwandani. F-150 mbili za mwaka mmoja na rangi moja zinaweza kupishana kwa pauni mia kadhaa, kwa sababu moja ina paa la kioo, viti vya ngozi vyenye mota na 4x4, na nyingine haina. Kadiri gari linavyokuwa la kifahari ndivyo linavyobeba kidogo. Watu wengi hulipa zaidi ili wapate uwezo mdogo, na hawajui.

Stika ya pili ina VIN, yaani namba ya utambulisho wa gari, mwezi na mwaka wa kutengenezwa, GVWR, yaani uzito wa mwisho unaoruhusiwa gari likiwa limeshapakiwa, na GAWR, kikomo cha kila ekseli. Mtu akizidisha mzigo, ekseli ya nyuma mara nyingi ndiyo inayotangulia kufika kikomo.

Sasa tupige hesabu. Tuseme stika ya njano inasema pauni 1,480, na unataka kuvuta trela.

Toa watu wanne, pauni 650. Zinabaki 830. Toa vifaa na friji ya barafu kule nyuma, 150. Zinabaki 680. Toa kiungio cha kugawa uzito, kile kinachosambaza uzito wa trela hadi magurudumu ya mbele, ambacho chenyewe kina pauni 80 hivi. Zinabaki 600. Hizo 600 ndizo zinazoweza kubeba shingo ya trela, yaani uzito unaokandamiza mpira wa kuvutia. Trela la kawaida linatakiwa liweke asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kwenye shingo. Ukichukua 13, gawanya 600 kwa 0.13, unapata trela la pauni 4,600 hivi, likiwa limejaa.

Tangazo la pikapu hiyohiyo linaweza kuwa limeandika 11,000. Halijadanganya. Kipimo cha SAE J2807 kinachotumiwa na watengenezaji huhesabu dereva na abiria mmoja, kila mmoja pauni 150, na nyuma hakuna mzigo. Familia yako haimo.

Ukizidisha shingo, nyuma ya gari inakaa chini, mbele inainuka, usukani unakuwa mwepesi, na taa zinawamulika wenzako machoni. Ukipunguza shingo chini ya asilimia 10 ili gari lionekane limesimama sawa, umejiletea balaa kubwa zaidi: kwenye barabara kuu trela linaanza kuyumba kushoto na kulia, na kila yumbo inazidi iliyotangulia. Likianza, usikanyage breki ya gari. Achia mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, na kama una kidhibiti cha breki za trela, kibonyeze kwa mkono ili trela livutwe nyuma.

Chungulia pia chini ya bampa ya nyuma. Kiungio kilichofungwa kwenye gari kina stika yake yenye vikomo viwili, kimoja bila kugawa uzito na kingine pamoja nako. Kikomo kidogo kuliko vyote ndicho unachofuata. Soketi ya trela iwe na pini saba. Yenye pini nne huendesha taa tu, haipeleki umeme kwenye breki za trela.

Uwiano wa difu ni jambo jingine lisilosemwa dukani. Kwenye pikapu za GM (Chevrolet na GMC) tafuta stika ya kodi, yaani misimbo ya vifaa vya kiwandani, ndani ya kisanduku cha dashibodi: GU5 ni 3.23, GU6 ni 3.42, GT4 ni 3.73, na G80 maana yake difu inajifunga tairi moja likiteleza. Namba ikiwa kubwa gari linavuta kwa urahisi, lakini linakunywa zaidi barabara kuu. Kwa pikapu mpya mpya ambazo hazina stika hiyo, wakala wa GM anaweza kutoa orodha ya kodi kwa kutumia VIN.

Na zile mbio?

Muuzaji atazitaja, maana ndiyo kazi yake. NASCAR, chama cha mbio za magari cha Marekani, ilianzisha mashindano ya pikapu mwaka 1995. Toyota iliingia na Tundra mwaka 2004, kisha ikapanda hadi Cup, daraja la juu la NASCAR, na Camry mwaka 2007. Dodge, ndugu wa Ram, ilijitoa mwishoni mwa 2012, na mwaka 2025 Ram ikatangaza kurudi kwenye mbio za pikapu kwa msimu wa 2026. Kampuni hazitupi fedha ovyo. Zinatoa wahandisi, mashine za kuigiza mbio, muda kwenye vyumba vya kupimia upepo, na malezi ya madereva chipukizi.

Lakini kilicho chini ya ile bodi hakihusiani na gari unaloliendea kazini. Tangu 2018 kuna injini ya NT1, V8 ya inchi za ujazo 396 inayotengenezwa na Ilmor, na sehemu kubwa ya timu za pikapu huitumia, bodi iwe na sura ya Silverado, F-150 au Tundra. Ni timu pinzani zilizoshonewa jezi na fundi mmoja. Taa za mbele ni picha za kubandika, na 4x4 hakuna. Kwenye Cup, tangu gari jipya la 2022, chesisi na giaboksi hutoka kwa wasambazaji walewale kwa wote. Injini ndizo bado zina ukoo, za Toyota zikijengwa na TRD, tawi lake la mbio, huko Costa Mesa, California, na za Ford zikijengwa na kampuni ya Roush Yates.

Zamani ilikuwa tofauti. Ili Dodge Charger Daytona ya 1969 na Plymouth Superbird ya 1970 zikubaliwe uwanjani, zilibidi zijengwe kwa wingi na kuuzwa kwa umma. Aliyenunua alipata kweli sehemu ya gari la mbio. Leo anapata stika. Kwa hiyo pikapu yenye rangi au maandishi ya mbio ipatanie kwa bei ya pikapu isiyo na maandishi, na ukiambiwa "hii ndiyo injini inayoshinda Jumapili," muulize lifta za silinda, vile vipande vidogo vinavyosukumwa na kamshafti ili valvu zifunguke, zimewahi kubadilishwa lini.

Injini: mahali pesa zinapopotelea

Fika gari likiwa baridi. Gusa kifuniko cha injini. Kikiwa cha moto, kuna kelele ambayo muuzaji hataki uisikie. Rudi siku nyingine.

Ford. V8 ya lita 5.4 yenye valvu tatu kwa silinda, iliyoanza kwenye F-150 ya 2004, ina sifa mbili mbaya. Plagi za miaka ya mwanzo zimeundwa kwa vipande viwili, hukatikia ndani ya kichwa cha injini zinapofunguliwa. Uliza kama zimeshabadilishwa, na kwa risiti. Pia fezi za kamshafti, vifaa vinavyorekebisha wakati wa valvu kufunguka, hugonga injini ikiwa ya moto na inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Kwenye EcoBoost, injini ya turbo ya Ford, ya lita 3.5, zile za 2011 hadi 2016 huvutika mnyororo wa taiming, na za 2017 hadi 2020 hutoa mkwaruzo wa sekunde moja au mbili ukiwasha asubuhi. Hizo ni fezi za kamshafti, na kazi yake inalipiwa maelfu ya dola. Giaboksi ya gia 10 ya miaka hiyohiyo ikishtuka kati ya gia ya 3 na ya 5, usikubali kuambiwa ni oili tu.

GM. V8 ya 5.3 huzima baadhi ya silinda ili kuokoa mafuta, na lifta za silinda hizo hukwama. Dalili ni mlio wa tiki-tiki upande mmoja na silinda moja kutowaka vizuri. Ikiendeshwa hivyo, kamshafti inaliwa. V8 ya 6.2 aina ya L87 ya 2021 hadi 2024 iliitwa irudi kwa wakala mwaka 2025 kwa hitilafu za krenki na konrodi. Gari likikaguliwa na kupita, hupewa oili ya 0W-40 badala ya 0W-20. Angalia kifuniko cha oili na risiti kama zinakubaliana.

Ram. Kwenye Hemi ya 5.7 boliti za manifoldi ya eksozi hukatika, hasa zile za nyuma. Mlio wake hupungua injini ikipata moto, kwa sababu chuma kinatanuka na kuziba mwanya. Mlio usiopungua, au unaozidi, unaelekea kuwa lifta na kamshafti. Tofauti ya gharama kati ya hiyo miwili ni kubwa, ndiyo maana tumesisitiza gari liwe baridi.

Toyota. V8 ya 5.7 ya 2007 hadi 2021 ni ngumu kufa, ingawa hunywa mafuta bila huruma na huvuja oili kwenye viti vya kamshafti. V6 ya turbo mbili ya 2022 na 2023 iliitwa irudi mwaka 2024 kwa mabaki ya chuma yaliyosalia ndani ya injini kiwandani. Jina la Toyota peke yake si kinga. Weka VIN kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya usalama barabarani ya Marekani, ni bure, itakuambia kama kuna wito wa kurudisha gari kwa wakala ambao haujatekelezwa.

Kisha chomeka kifaa cha OBD2, kinachosoma kompyuta ya gari, hata cha dola 25. Kukosekana kwa misimbo ya hitilafu si ushahidi. Tazama vipimo vya utayari: vingi vikiwa havijakamilika, huenda mtu amefuta misimbo siku za karibuni.

Kama dashibodi inaonyesha saa za injini, gawanya maili kwa saa. Wastani ukiwa chini ya 20, gari limetumia muda mwingi likinguruma mahali pamoja, tabia ya magari ya kampuni na ya polisi. Maili zake ni chache, uchakavu wake ni mkubwa.

Chini ya gari

Gari lililoishi Michigan, Ohio, New York au Minnesota limeoga chumvi ya barabarani kila msimu wa baridi. Chukua nyundo ndogo na tochi. Gonga reli za chesisi kuanzia nyuma ya kabini hadi juu ya ekseli ya nyuma, pia kwenye vishikio vya springi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu, au nyundo inazama. Usidanganywe na bodi ya F-150, ambayo tangu 2015 ni alumini na haipati kutu nyekundu. Chesisi yake ni ya chuma. Rangi nyeusi iliyopulizwa upya chini nzima ni sababu ya kugonga zaidi. Fuata mabomba ya breki kwa kidole. Yakiwa na magamba, yabadilishwe yote, si kipande.

Tia 4Hi (4x4 ya mwendo wa kawaida) kwenye changarawe, kisha simama, weka gia huru, utie 4Lo (4x4 ya mwendo wa polepole wenye nguvu). Usijaribu kwenye lami kavu huku ukikata kona, kwa kuwa magurudumu hayana nafasi ya kuteleza na mfumo unajikaza. Matairi yote manne yalingane kipimo, na tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi zitakupa wiki na mwaka lilipotengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019.

Hati na safari ya nyumbani

Jina kwenye hati ya umiliki lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. Hati iliyopigwa muhuri wa ajali kubwa au mafuriko iache, isipokuwa unanunua vipuri.

Kwa anayefikiria kuisafirisha: usukani uko kushoto. Kenya haisajili gari binafsi la namna hiyo, na gari lenye zaidi ya miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza halipiti. Kongo, Rwanda na Burundi huendesha upande wa kulia, vivyo hivyo Oman, kwa hiyo huko usukani si kikwazo. Kabla ya kulipia meli, mpigie fundi wa huko umtajie injini kwa jina na lita, umuulize kama anapata filta yake, lifta zake na oili yake.