Somo: Kibofu kimeshuka, ni mshikizo upi uliolegea?

Mama akisema "kuna kitu kama yai kinatoka chini", usikimbilie kuandika kwamba kizazi kimeshuka. Mara nyingi ni ukuta wa mbele wa uke, umeshuka na kibofu. Ufikirie kama paa la chandarua: juu unavutwa na kano zinazotoka shingo ya kizazi hadi mfupa wa sakramu (mwisho wa uti wa mgongo, nyuma ya nyonga), pembeni umeshikizwa kwenye ukanda mgumu kila upande wa nyonga, chini umeungana na msamba. Kamba moja ikilegea, katikati panabonyea hata kama kitambaa ni kizima.

1. Akojoe kwanza. Kibofu kilichojaa huficha ukubwa wa tatizo.

2. Alale chali, magoti juu. Kandamiza ukuta wa nyuma kwa spekulamu ya Sims (kifaa cha kufungulia uke), kisha asukume kama anayejifungua mpaka akubali kwamba hapo ndipo kinapofikia. Asipokubali, mpime amesimama.

3. Pima sehemu iliyoshuka zaidi, sifuri ikiwa kwenye kizinda. Ndani ni hasi, nje chanya. Kati ya −1 na +1 sm ni hatua ya 2 ya kushuka. Ikizidi +1, ni ya 3 au zaidi.

4. Inua shingo ya kizazi kwa swabu (pamba kwenye kijiti), asukume tena. Uvimbe ukipotea, kasoro iko juu. Ukibaki, inua pembe mbili za pembeni kwa fosepsi (koleo la kitabibu) iliyofunguliwa. Ukipotea sasa, ni pembeni. Jibu la pembeni lisikupe uhakika sana, maana mara nyingi kwenye upasuaji hukutwa mambo mengine.

Maswali

*Mgonjwa alishonwa ukuta wa mbele, kibofu kimeshuka tena. Kwa nini?*
Angalia juu kwanza. Kushona kitambaa huku kamba ya juu imeachwa ni kazi ya kurudia.

*Mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga yatakirudisha?*
Kano iliyochanika haishonwi na mazoezi, ila hisia ya uzito kwa aliye hatua ya 1 au 2 hupungua. Akaze sekunde 8 hadi 10, mara 8 hadi 12, vipindi 3 kwa siku, miezi 3. Anayebana tumbo na kusukuma chini anajiharibia.

*Pete ya kushikilia uke (pesari) niliyomwekea inamtoka akichuchumaa.*
Jaribu saizi inayofuata. Kidole kipite kati ya pete na ukuta, na asiondoke kabla hajatembea, kukohoa na kukojoa.

*Alikuwa akivuja mkojo, kibofu kiliposhuka akaacha. Amepona?*
Hapana, mrija wa mkojo umejikunja. Rudisha uvimbe kwa swabu akiwa na mkojo, akohoe. Akivuja, aambiwe kabla ya upasuaji, asije akadhani daktari ndiye aliyemharibu.