Kuvuka Mpaka kwa Kazi na Biashara: Namna ya Kuyatumia Makubaliano ya Afrika Mashariki Ukiwa Nairobi

Mkazi wa Nairobi anayetaka kuuza viatu Kampala, kufanya kazi ya uhasibu Kigali au kufungua karakana Arusha ana haki nyingi kuliko anavyodhani, na pia amewekewa mipaka mingi kuliko anavyosikia katika hotuba za marais. Haki hizo zimo katika Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyotiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzitumia, kuanzia hati unazobeba hadi mahali pa kupeleka malalamiko unapozuiwa. Jambo moja lishikwe tangu mwanzo, kwa kuwa ndilo linalowaponza wengi: haki ya kuingia nchi jirani, haki ya kufanya kazi huko na haki ya kupeleka bidhaa huko ni haki tatu mbalimbali, na kila moja ina ofisi yake, hati yake na masharti yake.

Kabla ya kufunga safari, jiulize nchi unayokwenda imekubali nini hasa. Jumuiya ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Waliofufua ushirikiano huo kwa Mkataba wa tarehe 30 Novemba 1999 walichagua kwenda hatua kwa hatua: Umoja wa Forodha ulianza mwaka 2005, kisha Soko la Pamoja likafuata. Hawakufungua milango yote kwa siku moja. Itifaki ina viambatisho ambamo kila serikali iliandika ni kazi zipi na huduma zipi itafungua, na lini. Kwa hiyo Mkenya mwenye taaluma ileile anaweza kupokewa kwa urahisi Rwanda na kukwama Tanzania, ingawa nchi zote mbili zimetia saini karatasi moja.

Juu ya Itifaki hiyo yapo makubaliano ya nchi chache zilizoamua kutangulia. Tangu Januari 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha kitaifa, na nchi hizohizo zimeondoleana ada za vibali vya kazi. Chini ya hayo zipo sheria za kila nchi. Ibara ya 8 ya Mkataba inasema kwamba sheria za Jumuiya zitangulie zile za kitaifa katika mambo yanayohusu utekelezaji wa Mkataba, lakini afisa aliyeketi dirishani hufuata kwanza waraka wa wizara yake, na si busara kusafiri bila kulijua hilo. Nchi wanachama sasa ni nane, baada ya Sudan Kusini kujiunga mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Usidhani kwamba nchi ikishajiunga masharti yake ya viza hufutika papo hapo. Uliza ubalozi wake hapa Nairobi kabla ya kulipa nauli.

Kuhusu hati, ushauri wangu ni kwamba upate pasipoti ya Afrika Mashariki hata kama unaenda Kampala tu. Maombi huanzia kwenye mtandao wa eCitizen, kisha unafika katika ofisi ya Uhamiaji, kama ile ya Nyayo House, kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Kitambulisho kinatosha kwa Uganda na Rwanda, lakini hakitoshi kwa Tanzania, ambako utahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana abiria wengi huteremshwa kwenye basi kwa kukikosa. Mpakani, sema wazi kusudi la safari yako na uombe muda unaoustahili: kanuni za Itifaki zinampa raia wa nchi mwanachama pasi ya kukaa hadi miezi sita bila malipo. Afisa akikupa muda mfupi kuliko unaohitaji, muulize sababu kwa upole palepale. Kulirekebisha jambo hilo ukiwa tayari mjini ni kazi ngumu zaidi.

Na usipite njia za panya. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimewaona wafanyabiashara waaminifu wakizitumia kwa kuogopa foleni tu, nao wanapoulizwa baadaye waliingiaje nchini hawana muhuri wowote wa kuonyesha. Asiye na muhuri hawezi kudai kuwa aliingia kwa haki ya Itifaki. Isitoshe, foleni zenyewe zimepungua. Busia, Malaba, Namanga, Taveta, Isebania na Lunga Lunga zina vituo vya huduma kwa pamoja, ambamo maafisa wa nchi mbili hukaa katika jengo moja. Anayekwenda Uganda kupitia Busia hukamilisha taratibu za kutoka Kenya na za kuingia Uganda akiwa upande wa Uganda, badala ya kusimama mara mbili kama zamani.

Kazi ina utaratibu wake. Pasi ya miezi sita inakuruhusu kutembelea, kutafuta fursa na kukutana na waajiri. Haikuruhusu kupokea mshahara. Ukishapata mkataba wa ajira unaozidi siku 90, kanuni zinakutaka uombe kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu kuufunga mkataba huo, na mamlaka husika inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Kibali cha kwanza hutolewa kwa muda usiozidi miaka miwili, na kinaweza kuhuishwa. Kwa kazi ya siku 90 au pungufu, unaomba pasi maalumu. Hesabu ya siku hizo 15 ndiyo huwaponyoka watu, kwa kuwa mwajiri husema atashughulikia, mwezi unakwisha, na anayekamatwa kwa kufanya kazi bila kibali ni mfanyakazi. Andika tarehe ya kutia saini, tunza nakala ya mkataba, na udai stakabadhi ya maombi.

Kabla ya hapo, hakikisha kwamba taaluma yako inatambuliwa. Mabaraza ya wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo yametiliana saini mikataba ya kutambuana, kwa hiyo mhandisi aliyesajiliwa Nairobi huanza kwa kuomba barua ya uthibitisho kutoka bodi yake ya hapa, kisha huipeleka kwa bodi ya nchi anayokwenda. Taaluma nyingine hazijafika huko, na wenye vyeti vyake wajiandae kwa tathmini mpya. Ajira katika utumishi wa umma haimo ndani ya haki hizi isipokuwa pale sheria ya nchi husika inaporuhusu. Mume, mke au mtoto wa mfanyakazi anaweza kufuatana naye, na ni vyema vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa viwe katika bahasha moja na mkataba wa kazi.

Mambo hayo yanawahusu pia majirani walio kati yetu. Mwajiri wa Nairobi anayemchukua fundi kutoka Mbale au mwalimu kutoka Moshi ana wajibu wa kumwombea kibali, na mgeni anayekaa Kenya zaidi ya siku 90 hutakiwa kusajiliwa na kupewa kitambulisho cha mgeni. Inasikitisha kwamba wapo waajiri wanaowaacha vijana hawa bila karatasi kwa makusudi ili wasiweze kudai mshahara wao. Ushirikiano wa serikali hauwezi kumlinda mtu ambaye mwajiri wake amemficha.

Kwa upande wa bidhaa, swali la kwanza ni mahali ilipotengenezwa. Mahali ulipoinunua hapana uzito. Sufuria iliyotengenezwa na fundi wa Kamukunji kwa kufuata kanuni za uasilia, yaani zinazoamua bidhaa ihesabiwe kuwa ya nchi gani, inaweza kuingia Uganda au Tanzania bila ushuru wa forodha. Simu iliyotoka Asia ikauzwa Nairobi haipati nafuu hiyo, hata kama risiti yake ni ya Kenya. Kwa shehena ndogo ya bidhaa zenye asili ya Jumuiya isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, upo utaratibu rahisi wa biashara: maafisa wa forodha mpakani hukupa cheti rahisi cha uasilia mradi bidhaa imo katika orodha iliyokubaliwa, nayo orodha hiyo huwekwa vituoni. Thamani ikizidi hapo, omba cheti kamili cha uasilia kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya kabla ya kupakia, na umtafute wakala wa forodha mwenye leseni.

Msamaha huo ni wa ushuru wa forodha peke yake. Kodi ya ongezeko la thamani na kodi nyingine za ndani za nchi unayoingia bado zinaweza kukuhusu, na anayepanga bei bila kuzihesabu hurudi na hasara. Vyakula na mazao huhitaji cheti cha afya ya mimea, na bidhaa za viwandani ziwe na alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, ambayo mashirika wenza yanatakiwa kuiheshimu. Ukienda na gari lako, kata kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya gari inayotambuliwa nje ya nchi yako, kwa kampuni yako ya bima.

Hapa pana jambo ambalo nadhani serikali zetu hazijalikabili kwa ujasiri. Zinafungua mipaka kwa sababu zinahitajiana: Uganda na Rwanda hazina bahari na hutegemea bandari za majirani, na mizigo mingi ya Uganda hupita Mombasa, na viwanda vya Nairobi vinahitaji wanunuzi wa nje. Lakini siasa za ndani zikichemka, mlango hufungwa upesi. Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena mwishoni mwa Januari 2022. Machi 2021, Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu (sumu itokanayo na ukungu wa nafaka), kisha ikalegeza amri hiyo baada ya siku chache na kuweka masharti. Julai 2025, Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara ndogo za aina 15, zikiwemo uwakala wa pesa kwa simu, ufundi wa simu, uongozaji watalii na ununuzi wa mazao shambani, na Kenya ikalalamika. Basi yeyote anayetaka kufungua duka au karakana nchi jirani asome kwanza amri za biashara za mwaka huo, asajili kampuni kwa jina linalotambulika kisheria, na asiweke mtaji wote upande mmoja wa mpaka. Ardhi ni jambo la pekee: Ibara ya 15 ya Itifaki imeiachia sheria za kila nchi, kwa hiyo panga kukodi, usipange kununua.

Ukizuiwa, anza kwa kuandika. Chukua jina la kituo, tarehe, saa, sababu uliyopewa na nakala ya karatasi yoyote uliyokabidhiwa, na uombe katazo hilo kwa maandishi. Kikwazo cha kibiashara, kama ada isiyo katika sheria au ukaguzi unaorudiwa bila sababu, peleka kwa Idara ya Serikali ya Masuala ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hapa Nairobi, ambayo ndiyo hulifikisha kwa kamati ya taifa ya vikwazo visivyo vya kiushuru. Chama cha wafanyabiashara kikiandika pamoja nawe, barua husomwa mapema zaidi.

Lililo zito zaidi linaweza kwenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha. Mkaazi yeyote wa nchi mwanachama anaruhusiwa kufungua shauri huko chini ya Ibara ya 30 ya Mkataba, bila kulazimika kumaliza kwanza mahakama za nchi. Wakili Mkenya Samuel Mohochi alikataliwa kuingia Uganda katika uwanja wa ndege wa Entebbe Aprili 2011, akafungua shauri, na Mei 2013 Mahakama ikaamua kwamba Uganda ilikiuka Mkataba na Itifaki, kwa kuwa hata pale sheria inapompa afisa uwezo wa kumkataa mgeni, raia wa nchi mwanachama lazima aelezwe sababu. Muda wa kufungua shauri ni miezi miwili tangu kitendo kutokea au tangu ulipokijua, na Mahakama hiyo haiongezi muda. Kwa hiyo wakili atafutwe katika wiki za kwanza, sambamba na barua unazoiandikia Idara, bila kungoja majibu yake.