Jinsi ya Kuzuia Matangazo ya Ngono Yanayoletwa kwa Posta Nchini Marekani

Ukiishi Marekani na ukaletewa kwa posta tangazo linalokuchukiza kwa maudhui yake ya ngono, usilitupe, kwa kuwa ndilo ushahidi wako. Chukua Fomu 1500, yaani fomu ya kuomba posta imwamuru mtumaji aache kukuletea matangazo, katika ofisi ya posta, uijaze, kisha uiwasilishe pamoja na tangazo hilo na bahasha yake. Anayeamua kama linachukiza ni wewe mpokeaji, haki ambayo Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliithibitisha mwaka 1970, nami naiona kuwa kinga ya thamani kubwa kwa nyumba yenye watoto. Waandikishe pia wanao walio chini ya miaka 19 unaoishi nao. Mtumaji akishapokea amri hiyo ya posta ana siku 30 za kuacha. Akikaidi, andika kwenye barua mpya tarehe uliyoipokea, uitie saini na kuipeleka posta.