Somo: Hita ya maji imezeeka, nitengeneze au nibadilishe?

Kila kipupwe kikiingia simu yangu inalia kwa swali lile lile: "Fundi, hita inavuja, ninunue mpya?" Naandika hapa mara moja. Kuanzia leo atakayeniuliza namtumia hili somo, asome, kisha ndiyo tuzungumze.

Nazungumzia hita ya umeme yenye tanki, ile ya lita 30 mpaka 80 inayoning'inia bafuni. Ile ndogo inayopasha maji papo kwa papo ni habari nyingine.

Kwanza uamue

Umri pekee haukuambii kitu. Ukiniambia "ina miaka sita" nami nitakuuliza inakunywa maji gani. Nyumba inayotumia maji ya bomba ya bwawa la Mabayani na nyumba ya kisima cha kuchimba hazizeeshi hita kwa mwendo mmoja. Sisi huku Tanga tumekaa juu ya matumbawe na mawe ya chokaa. Aliyewahi kuingia Mapango ya Amboni ameona jinsi maji yanavyolibeba jiwe na kuliweka pengine tone kwa tone. Jiwe hilo hilo ndilo linaloganda ndani ya hita yako.

Tazama maji yanatokea wapi. Yakidondoka kwenye valvu ya usalama (ile inayotoa maji presha ikizidi) wakati hita inapasha, hiyo ni kazi yake, iache. Yakitokea pale elementi (kile chuma kinachopasha maji) ilipofungiwa, ni gaskiti (mpira wa kuziba maungio), badilisha gaskiti. Yakichuruzika kutoka ndani ya ganda la chini yakiwa na rangi ya kutu, tanki limetoboka na hapo hakuna dawa. Usimwite mchomeleaji. Ndani ya tanki kuna enameli kama ile ya bakuli za zamani, moto wa kuchomelea unaipasua, na wiki chache baadaye linavuja pembeni ya ule ule uchomeleaji.

Haipashi kabisa? Zima umeme, pima elementi kwa mita. Ya wati 1500 isome kama ohm 35. Isiposoma chochote imeungua, nunua elementi na si hita. Inarusha shoti? Izime leo. Kuoga na kandambili si matengenezo.

Kuhusu LUKU (umeme wa kulipia kabla): watu wanasema ule ukoko mweupe wa chokaa ndio unaokula uniti. Si kweli sana. Elementi imo ndani ya maji, joto lake litaenda kwenye maji tu. Lita 50 kutoka nyuzi 25 hadi 60 zinataka kama uniti 2, iwe hita mpya au kuukuu. Ukoko kazi yake ni kuiunguza elementi na kujaza tanki mchanga. Uniti zikiisha ghafla, tafuta bomba la maji moto linalovuja, themostati (kizimio cha joto) iliyoganda, au sponji ya ndani ya kutunza joto iliyolowa.

Mimi nabadilisha hita nzima tanki likitoboka, au gharama ya vipuri ikifika nusu ya bei ya mpya.

Sasa kubadilisha

1. Zima umeme kwenye meni, si kwenye swichi ya bafuni tu. Hakikisha kwa tesa.

2. Funga koki ya maji baridi.

3. Fungua bomba la maji moto ili hewa iingie, kisha toa maji kwa chini. Kumbuka maji moto yanachotwa juu ya tanki na baridi yanaingilia chini. Kwa hiyo bomba likikauka haina maana tanki ni tupu. Limejaa.

4. Shusha ya zamani. Mkiwa wawili.

5. Ukuta. Hita ya lita 50 ikijaa inakaribia kilo 70. Bloku imara, tumia bolti za kutanuka. Nyumba za zamani za Ngamiani zenye kuta za mawe na udongo, bolti hizo zitatoka na kipande cha ukuta: toboa mpaka upande wa pili, weka bamba la chuma nyuma.

6. Valvu ya usalama. Hapa someni polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu.

Nilimfungia mama mkwe hita mpya kule Chumbageni. Ndani ya boksi mlikuwa na valvu mpya. Nikaitazama ya zamani, nikaona bado inang'aa, nikairudisha ile ile. Mpya nikatia mfukoni nimuuzie mteja mwingine. Ndiyo, nilifanya hivyo. Miezi mitatu baadaye napigiwa simu alfajiri: tanki limevimba, limepasuka kwenye maungio, maji yameshuka ukutani mpaka stoo yakalowesha gunia la mchele.

Kilichotokea ni hiki. Maji yakipata joto yanatanuka. Lita 50 zikitoka nyuzi 25 hadi 65 zinaongezeka kama lita 0.8, karibu vikombe vitatu vya chai, na maji hayashindiliki kama hewa. Ile valvu ina mlango wa njia moja, kwa hiyo maji hayawezi kurudi kwenye simtanki. Njia iliyobaki ni kile kitundu cha pembeni, ambacho kwa valvu nyingi hufunguka presha ikifika bar 8. Ya kwangu ilikuwa imegandishwa na ukoko kwa ndani. Ningeinua kile kiwiko chake (kijishikio cha kuifungua kwa mkono) mara moja tu ningejua, maana kilikuwa hakiendi. Sikukiinua.

Basi: valvu mpya kila hita mpya. Mshale uelekee kwenye tanki. Usiweke koki yoyote kati ya valvu na tanki. Kitundu USIKIZIBE, hata mke akilalamika kwamba sakafu inalowa. Vuta mpira mdogo uelekee chini mpaka kwenye mfereji, mdomo wazi. Kila mwezi inua kiwiko, maji yatoke, kirudishe.

7. Hakikisha fimbo ya magnesiamu imo. Inaliwa na maji badala ya tanki kuliwa. Wa maji ya bomba iangalie kila baada ya mwaka au miwili, wa kisima cha chumvi kila miezi sita.

8. Jaza maji kwanza, bomba la moto likiwa wazi mpaka liache kukohoa. Ndipo umeme. Ukibadilisha mpangilio huu umeunguza elementi siku ya kwanza.

9. Umeme: waya wa 2.5, swichi ya hita inayokata nyaya zote mbili, na ethi iliyofika ardhini kweli. Hii mwachie fundi umeme.

Maswali ya wanachama

Kijana wa Pongwe: Fundi shikamoo. Sijasoma yote, ni ndefu. Yangu inadondosha maji kwenye kivalvu, nikizibe?

Marahaba. Namba 6.

Kijana wa Pongwe: Nimeona. Lakini inadondosha usiku kucha hata ikiwa imezimwa.

Hapo sasa umeuliza swali. Ikidondosha wakati wa kupasha tu ni kutanuka. Ikidondosha usiku kucha, ama uchafu umekaa kwenye mlango wa valvu, ama pampu yako inasukuma kupita kiasi. Inua kiwiko mara tatu nne uchafu utoke. Ikiendelea, pima presha ya pampu kabla ya kununua valvu.

Bi Raskazone: Mwanangu, mimi maji moto yananuka kama yai viza. Baridi hayanuki. Fundi mmoja amesema ninunue hita nyingine.

Shikamoo mama. Usinunue bado. Maji ya kisima, sivyo? Kuna vijidudu wanaoishi kwenye maji yenye salfa, na ile fimbo ya magnesiamu inawapa nafasi ya kutoa hiyo harufu. Mwambie fundi alisafishe tanki, kisha muweke fimbo ya aluminiamu, na mpashe mpaka nyuzi 60 au zaidi. Mara nyingi harufu inaisha. Hita mpya yenye fimbo ile ile itanuka vile vile.

Fundi mwenzenu: Unatisha watu upate wateja. Miaka kumi naziba hivyo vitundu, hakuna iliyopasuka.

Zilizopasuka hawakukuita wewe tena. Mimi nimeandika jinsi nilivyoharibu nyumba ya mama mkwe, sasa nani anatafuta wateja hapo?

Mdau: Mama mkwe alikusamehe?

Nililipa mchele na hita. Valvu ile ameiweka kabatini na vikombe, nikienda naletewa chai na valvu.

Dada wa Leeds: Kaka, mimi niko Uingereza, nyumba ina boila ya gesi inayopasha maredieta ya kutia joto vyumbani, ina miaka 14. Saa ya presha inapanda ikiwaka, ikizimwa inashuka hadi karibu sifuri. Fundi amesema "tanki la kutanukia limekufa." Ni lile lile ulilosema?

Ni jambo lile lile dada, na umeliona vizuri. Kwenye mfumo wenu maji yaleyale yanazunguka, hayatoki, kwa hiyo wameweka chombo chenye utando wa mpira: upande mmoja maji, upande mwingine hewa. Maji yakitanuka yanaisukuma hewa. Hewa ikiisha au utando ukitoboka, presha inaruka juu, valvu inamwaga nje, na mfumo ukipoa maji yamepungua. Ukiwa baridi, saa huwa kati ya bar 1 na 1.5. Chombo hicho kinabadilishwa peke yake. Lakini huko wanahesabu maisha ya boila kama miaka 10 hadi 15, kwa hiyo muulize bei ya chombo na bei ya boila nzima kabla hujatoa hela. Na usiiguse mwenyewe. Sheria ya huko inataka fundi aliyesajiliwa Gas Safe. Moto ukiwa wa njano badala ya bluu, au ukiona masizi, zima, fungua madirisha, toka nje na upige simu ya dharura ya gesi. Moshi wake wa sumu hauna harufu.

Mpangani: Ukoko wa kwenye birika nao unatoka vipi?

Ndimu mbili na maji, chemsha, acha mpaka asubuhi. Siki pia. Elementi iliyotolewa nje nayo unaweza kuilowesha hivyo hivyo, usiigonge kwa nyundo.

Kaka wa Muheza: Tanki la zamani nataka nilikate niwe na jiko la mkaa.

Bandua sponji yote ya njano kwanza, usiichome, moshi wake ni sumu. Viungo vya shaba peleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu kabla fundi hajaondoka navyo.