Kona kali huidanganya programu

Ndugu zangu wa umeme mkubwa hapa Tabora, kuna kosa moja naliona sana. Mtu anachora kifaa kwenye programu ya elementi finiti (inayogawa mchoro kuwa wavu wa vipande vidogo ili ipige hesabu), anaacha kona kali kama panga, kisha anashangaa: kila akisuka wavu mdogo zaidi, uga wa umeme (kilovolti kwa kila sentimita) pale konani unazidi kupanda. Hautatulia huo, hata ukeshe. Kihesabu, kona isiyo na mviringo uga wake hauna kikomo. Ipe nusu kipenyo halisi, hata milimita 1, ndipo usuke wavu.

Halafu, kabla hujaziamini zile rangi za kwenye kioo (nyekundu inavutia, najua), piga hesabu moja kwa mkono. Chukua fimbo ya shaba yenye nusu kipenyo r cha sm 1, katikati ya bomba lenye nusu kipenyo cha ndani R cha sm 3, kwa laini ya kilovolti 33. Hiyo 33 ni ya waya kwa waya; kutoka waya hadi ardhi, kilele (V) ni kama kilovolti 27. Gawa kwa pengo la sm 2: unapata kilovolti 13.5 kwa sentimita, unalala usingizi. Lakini kwenye uso wa fimbo ni V ÷ (r × ln(R/r)), ln ikiwa logi asilia, yaani karibu 24.5! Programu ikikupa namba ya mbali na hiyo, rudi ukague mchoro wako.

Na ile 30 ya hewa tunayoikariri (kilovolti kwa sentimita ambazo hewa huhimili kabla ya kupasuka cheche) ni ya usawa wa bahari. Tabora tuko kama mita 1,200 juu, hewa ni nyepesi. Punguza zaidi ya asilimia 10. Nafasi iliyobaki ni kiduchu.